Giaboksi isiyo na dipstiki

Nilifungua boneti, kitambaa mkononi, nikatafuta kitu cha kufuta nikakikosa.

Dipstiki ya injini, kile kijiti cha kupimia oili, ilikuwepo, na pete yake ya njano. Ile ya pili, ya giaboksi, ambayo kwenye magari niliyojifunzia hukaa nyuma kidogo upande wa dashibodi, sikuiona. Niliinama, nikamulika kwa simu, nikapenyeza mkono mahali ambapo mkono haupaswi kupita injini ikiwa ya moto. Hakuna kitu. Gari nimeliendesha miaka minne, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba halina.

Kilichonisukuma kutafuta ni mtetemo. Mwendo ukifika kilomita 60 hadi 70 kwa saa, mguu ukiwa umegusa tu pedali ya mafuta, gari lilitetemeka sekunde mbili tatu, kama matairi yanapita juu ya mistari ya rangi iliyopakwa nene barabarani. Ukikanyaga zaidi, unaisha. Ukiachia, unaisha. Abiria hawakuuhisi. Mimi nilianza kuusubiri, na mtetemo unaosubiriwa haukosi kuja.

Fundi niliyemwendea hakutoa hata mkono mfukoni.

"Hiyo giaboksi imefungwa, kaka. Oili yake ni ya maisha. Usiiguse."

"Na kama ina tatizo?"

"Ukiigusa ndiyo itakuwa na tatizo."

Nilicheka, nikaondoka. Jibu lile likakaa kichwani mwangu wiki sita.

Imefungwa, lakini inapumua

Nilianza na neno lenyewe. Imefungwa vipi?

Giaboksi yoyote ya otomatiki hupata joto ikifanya kazi na hupoa ikilala. Hewa iliyo ndani hutanuka na kusinyaa. Kama kweli ingezibwa kila upande, shinikizo lingesukuma oili nje kupitia sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Kwa hiyo ina tundu dogo la kupumulia juu yake, kila moja, hata hizi wanazoziita za kufungwa. Halafu nyingi zina mabomba yanayopeleka oili kwenye kipoozeo na kuirudisha, na kwenye magari mengi kipoozeo hicho kimo ndani ya rejeta, ukuta mwembamba tu ukiitenga oili na maji. Ukuta ule ukitoboka, oili hugeuka rangi ya waridi iliyochafuka, na maji yale yenye dawa ya kupoozea huibandua gundi inayoshikilia ngozi za klachi. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu kilichofungwa kinaweza kufa kwa kunywa maji.

Kilichoondolewa ni dipstiki. Mahali pake wakaweka plagi mbili za kufungua kwa spana, moja ya kujazia na moja ya kupimia, tena ya kupimia hufikiwa ukiwa chini ya gari.

Siwalaumu sana watengenezaji. Sisi wenye magari tuliitumia dipstiki vibaya. Tulipima ya baridi palipotakiwa ya moto, tukaongeza mpaka ikazidi, tukamimina oili yoyote nyekundu tuliyoikuta kwenye rafu. Giaboksi za sasa zina gia 6, 8, hata 10, njia za oili ndani yake ni nyembamba, na kila ukoo una oili yake. Ukitia ya ukoo mwingine utaua kitu ambacho kingeishi. Oili zenyewe pia zimekuwa bora. Za sintetiki huvumilia joto ambalo lingeziunguza zile za zamani. Na bila shaka gari ambalo karatasi zake hazitaji oili ya giaboksi huonekana la bei nafuu kulitunza. Hilo nalo lina wanunuzi wake.

Kinachochoka

Nilidhani oili huchakaa kama kiatu: inaisha kidogo kidogo mpaka inatoboka. Kumbe mafuta yenyewe ndiyo ya mwisho kuchoka. Zinazotangulia ni dawa zilizochanganywa ndani yake.

Hapa nilipotea siku mbili nikisoma habari za nyangumi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili za giaboksi za otomatiki huko Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalizifanya sahani za klachi zishikane polepole bila kushtuka. Nyangumi walipoanza kulindwa kisheria, wanakemia walilazimika kutafuta kitu kingine cha kufanya kazi hiyo. Sijui kwa nini jambo hili lilinigusa kiasi kile. Labda kwa sababu nilikuwa nimeichukulia oili kama maji mekundu, kumbe kuna watu waliowahi kuvua mnyama mkubwa kuliko lori ili gia iingie taratibu.

Oili ya giaboksi ya otomatiki imebebeshwa kazi zinazopingana. Inalainisha bearingi, maana yake iteleze. Inasaidia klachi zishike, maana yake isiteleze. Inabeba shinikizo linalosukuma vavu, na inabeba joto kulipeleka kwenye kipoozeo. Uwiano kati ya kuteleza na kushika hutunzwa na dawa, na dawa huliwa na joto. Kuna kanuni ya kukadiria inayosema joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni huongezeka karibu maradufu. Ukiifuata, oili inayofanya kazi kwenye nyuzi 110 inazeeka kama mara nane ya ile iliyo kwenye nyuzi 80. Kwa hiyo magari mawili ya kiwanda kimoja, yenye kilomita sawa, yanaweza kuwa na oili za umri tofauti kabisa. "Ya maisha" ya nani kati ya hayo mawili?

Mtetemo wangu nao ukapata jina. Konveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili, ina klachi yake ya ndani, inayoifunga injini na giaboksi zizunguke pamoja mwendo ukitulia. Kwenye magari mengi ya sasa klachi hiyo haifungi kabisa. Kompyuta huiacha iteleze kidogo kwa makusudi, ili safari iwe laini. Dawa ya msuguano ikichoka, kule kuteleza laini kunageuka kushika-na-kuachia, kushika-na-kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Nilijaribu njia ya kupimia niliyoisoma: mtetemo ulipoanza niligusa breki kidogo sana huku mguu wa mafuta ukiwa palepale. Ulikatika papo hapo. Breki huiambia kompyuta iachie klachi ya konveta.

Sikufurahi. Ukishajua ugonjwa, huwezi tena kusema ni barabara.

Midomo miwili

ZF ni kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za otomatiki zinazofungwa kwenye magari ya makampuni mengi. Wao hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kutegemea gari linavyotumika. BMW, ambao hufunga giaboksi hizo kwenye magari yao, kwa miaka mingi wameieleza oili hiyo kuwa imejazwa kwa maisha yote.

Chuma kilekile, oili ileile, midomo miwili.

Giaboksi yangu si ya ZF, ila nilirudi kwenye kitabu cha gari langu nikiwa na macho mengine. Ukurasa wa matengenezo ya kawaida ulikuwa kimya kuhusu giaboksi. Kurasa chache mbele kulikuwa na jedwali la "matumizi magumu", ambalo sikuwahi kulisoma kwa kuwa nilijihesabu dereva wa kawaida. Safari fupi za mara kwa mara. Foleni za kusimama na kwenda. Vumbi. Milima. Joto kali. Kuvuta mzigo. Nikasoma orodha ile nikaona, ukitoa kuvuta mzigo, nimeandikwa mimi. Nina wasiwasi kwamba dereva wa kawaida wa vitabu vile ni mtu anayekwenda mbali, peke yake, kwenye barabara tupu, kukiwa na baridi ya wastani. Simjui mtu huyo.

Marehemu

Kufikia hapo mtu mwenye akili angeshabadilisha oili. Mimi nilianza kuuliza watu.

Kila niliyemuuliza alikuwa na giaboksi yake marehemu. Wote walisimulia jambo moja: gari lilikuwa linatembea vizuri tu, mtu akabadilisha oili, wiki mbili baadaye gia ya tatu haipo, au gari halirudi nyuma, au halitoki kabisa. "Oili ya zamani ndiyo iliyokuwa inaishikilia," waliniambia. "Ukiitoa, umeitoa roho."

Nililala na hilo. Nikajiuliza ni nani anayebadilisha oili ya giaboksi ambayo kitabu kinasema isibadilishwe. Ni yule ambaye gari limeshaanza kumpa dalili. Anayeendesha bila tatizo haigusi, kwa hiyo hayumo kwenye hadithi. Ukihesabu nyumba walikofika zimamoto utakuta nyingi zimeungua, na mtu mwepesi wa kuhukumu anaweza kuwakamata wazimaji.

Lakini sikutaka kuwadharau, maana katika hadithi zile pana ukweli. Klachi zikishaisha ngozi, unga wake unaoelea kwenye oili unaweza kuwa unazisaidia zishike. Ukimwaga unga ule, zinabaki na kilichobaki. Mashine za kusukuma oili kwa nguvu zinaweza kuhamisha uchafu uliotulia chini na kuupeleka kwenye vavu, ambako chembe ndogo inatosha kukwamisha. Gari ambalo injini inapanda mlio huku mwendo hauongezeki mara nyingi limeshapita mahali pa kuokolewa na oili. Langu lilikuwa linatetemeka, halikuwa linateleza. Nilijirudia tofauti hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitaji, na hapo ndipo nilipojishtukia.

Hesabu niliyokuwa nikiipiga haikuhusu oili.

Giaboksi ikifa bila kuguswa, ni kiwanda, ni umri, ni majaliwa. Ikifa baada ya mimi kuigusa, ni mimi. Gharama ni ileile, na usafiri nitakosa vilevile. Kinachotofautiana ni nani atakayetazamwa. Nilikuwa tayari kununua giaboksi nzima ili mradi asitokee mtu wa kuniambia "tulikwambia". Fundi naye, nadhani, alikuwa anaogopa kitu hichohicho. Akiifungua leo ikafa mwezi ujao, ni yake.

(Najua methali mnayoifikiria, ile ya ufa na ukuta. Iacheni kwanza. Methali ile haisemi chochote kuhusu mtu anayeogopa kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeupanua ufa.)

Kilichonifungua ni jambo dogo, na lilinijia nikiwa nasubiri taa za barabarani: nilikuwa nimeyafunga maswali mawili kwa kamba moja. Kubadilisha ni swali moja. Kupima ni jingine. Marehemu wote niliosimuliwa walikufa kwa kubadilishiwa. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kupimwa.

Na kama kweli haiguswi, ile plagi ya kupimia waliitoboa ya nini?

Nyuzi 40

Nilijipa siku nzima.

La kwanza, kabla ya plagi nyingine yoyote, nililegeza ya kujazia. Hili mlishike. Wapo waliomwaga oili yote kwanza, halafu wakakuta plagi ya kujazia imeng'ang'ania, wakabaki na gari tupu lisiloweza kuendeshwa hata hadi kwa fundi.

La pili ni usawa. Gari lilikaa juu ya stendi nne, mbele na nyuma kimo kimoja, mahali pa wazi penye hewa, kwa kuwa unafanya kazi injini ikiwaka na ekzosi iko karibu na uso. Jeki peke yake sikuiamini na msiiamini.

Kisha joto. Oili hutanuka, kwa hiyo kipimo chake kina maana kwenye joto fulani tu. Kwangu ni kati ya nyuzi 35 na 45. Ukifungua ikiwa baridi, imesinyaa, utadhani imepungua na utaongeza. Ikishapata moto itakuwa imezidi, itapigwa na gia zinazozunguka mpaka ifanye povu, na povu halibebi shinikizo. Ukifungua ikiwa moto mno, itamwagika iliyotakiwa kubaki. Na injini lazima iwake, kwa kuwa pampu ndiyo inayoijaza konveta. Ukiizima, sehemu ya oili hurudi chini na utamwaga lita nzima ukijipongeza kwamba imejaa.

Nilichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, nikaliwasha likiwa la baridi, nikakanyaga breki na kupitisha kiteuzi kila mahali, P, R, N, D, nikisubiri sekunde chache kila kituo, nikarudi P. Nikalala chini na simu kifuani ikionyesha nambari. Ishirini na nane. Thelathini na moja. Kupanda kwa nyuzi za giaboksi ni polepole kuliko foleni ya mwisho wa mwezi.

Kwenye 36 nilifungua plagi ya kupimia.

Inavyotakiwa, oili itiririke uzi mwembamba halafu ibaki kudondoka. Nilikuwa nimeweka beseni, nimegeuza uso pembeni.

Hakikutoka kitu.

Tone moja lilijikusanya ukingoni, likaning'inia, halikuanguka. Nilisubiri hadi 39, nikiomba itanuke. Nilisubiri hadi 41. Tone lilikuwa lilelile.

Nilichukua pampu ya mkono nikaanza kuongeza oili ya ukoo wake, taratibu. Mililita 700 zilikuwa zimeshaingia uzi wa kwanza ulipotiririka. Giaboksi yangu hubeba lita 7. Sehemu moja ya kumi haikuwepo, kwenye kitu kilichofungwa, chenye oili ya maisha, chini ya gari ambalo halijawahi kuacha doa mahali linapolala.

Nilikwenda na tochi nikaikuta. Sili ya ekseli ya kushoto ilikuwa imevaa mkate wa vumbi jeusi wenye unene wa kidole. Ilikuwa inatoa jasho, vumbi linakunywa, tone halifiki chini. Pengine miaka miwili. Pengine yote minne.

Nilikaa pale kwenye zege muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nimebishana wiki sita na watu na nafsi yangu kama oili ibadilishwe au isibadilishwe, na muda wote huo swali lililokuwa na jibu lilikuwa nyuma ya bolti moja.

Lita tatu, mara tatu

Yaliyobaki nitayapitisha haraka.

Mtetemo haukuondoka kwa kuongeza oili. Nilibadilisha sili kwanza, maana hakuna busara ya kumimina oili mpya kwenye ndoo inayovuja. Kisha nikamwaga.

Iliyotoka ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea. Rangi peke yake haisemi mengi, oili nyingi za sasa hukolea mapema na nyingine hata nyekundu hazikuzaliwa. Niliinusa: haikuwa na harufu ya kuungua. Nikafungua sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, nikatazama sumaku zake zinazonasa chembe za chuma, kwa kuwa sumaku haidanganyi. Zilikuwa na tope laini la kijivu, laini kama wino kati ya vidole. Hilo ni la umri. Vipande vya kuchoma kidole, ambavyo ndivyo nilivyoviogopa, havikuwepo.

Ukimwaga kwa plagi hutoki na oili yote. Nyingi imo ndani ya konveta na mabomba. Kwangu zilitoka lita 3 kati ya 7. Kwa hiyo mara ya kwanza unapata asilimia 43 ya oili mpya, basi. Ukiendesha siku kadhaa na kurudia, unafika asilimia 67. Mara ya tatu, 81. Nilichagua njia hiyo ya polepole badala ya mashine ya kusukuma, kwa kuwa nilitaka kila mara niache mlango wa kurudi: kama baada ya mara ya kwanza ingeanza kuteleza, ningejua ni wakati gani.

Haikuteleza. Baada ya mara ya pili mtetemo haukuonekana tena. Ya tatu niliifanya kwa ukaidi. Gia ya pili kwenda ya tatu bado husita asubuhi, kidogo, kama mtu anayetafuta kandambili gizani, na ninashuku ilikuwa hivyo siku zote ila zamani sikuwa nikisikiliza.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule fundi kwa ajili ya jambo jingine, taa tu. Nikamwambia.

"Umeigusa?"

"Nimeigusa."

"Ikifa usije kwangu."

Tukacheka. Halafu akanyamaza, akauliza niliifungua kwenye nyuzi ngapi. Nikamwambia. Akauliza ilikuwa imepungua kiasi gani. Nikamwambia hilo pia, na habari ya sili. Akatoa mkono mfukoni, akaomba tochi, akalala ubavu chini ya gari na kukaa huko kitambo.

"Kaka," akaita, "hapa kwenye bomba la kipoozeo, panapoungana, ulipagusa?"

Sikuwa nimepagusa.

"Njoo uone. Panatoa jasho."